UZI: Windows ndani ya Linux kwa VirtualBox. Iulize mashine yako kwanza kabla hujachoma bando

Steshenari Ng'ambo (mleta uzi)

Wakuu, mwangaluka.

Nina steshenari ndogo hapa Ng'ambo, Tabora mjini. Kazi zangu mnazijua: kuchapa, kutoa kopi, kuprinti, barua za maombi ya kazi, na zaidi ya yote kadi za michango ya harusi. Watu wakishalipwa hela ya tumbaku, kadi huingia mfululizo mpaka usiku.

Laptopu yangu ni ya mtumba, i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 8, SSD GB 240. Windows 11 haiikubali prosesa hii, na Windows 10 msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Nikahamia Linux Mint, mfumo mwingine wa uendeshaji. Mashine ikawa nyepesi, nikafurahi. Likabaki jambo moja tu, Publisher, programu ya Microsoft ya kupanga kurasa za kuchapa. Miaka yote kadi zangu nimezitengeneza humo. LibreOffice Draw inalifungua faili la .pub, lakini maua yanahama, herufi zinabadilika, jina la bibi harusi linaangukia mstari wa chini, na ukishamaliza kurekebisha huwezi kulihifadhi tena kama .pub. Microsoft wenyewe wametangaza kwamba Publisher wanaiacha Oktoba 2026. Nina kadi za zaidi ya miaka sita humo ndani. Wateja wanarudi: "nitengenezee kama ile ya dada yangu." Siwezi kuzitupa.

Ndiyo nikaweka VirtualBox. Kwa asiyeijua, ni programu inayotengeneza kompyuta ndani ya kompyuta. Linux yako ni mwenyeji. Windows inakuja kama mgeni na inapewa chumba chake: sehemu ya RAM, sehemu ya diski, kadi ya mtandao ya kuigiza. Ilitoka kwa kampuni ya Kijerumani, Innotek, mwaka 2007. Mwaka uliofuata Sun wakaichukua, na Oracle walipoinunua Sun mwaka 2010 ikawa yao. Programu yenyewe ni huria na ya bure. Extension Pack, nyongeza yake, ndiyo yenye leseni ya peke yake, bure kwa matumizi binafsi. Mimi duka ni biashara, kwa hiyo siigusi. Na tangu toleo la 7.0 USB 2 na 3 zimo humo humo, sijaikosa.

Sasa sababu ya uzi. Nilianza na mwisho. Nikakimbilia kupakua ISO (faili la kusakinishia) ya Windows 10, inayozidi GB 5, kwa hotspoti ya simu. Kiungo cha Microsoft kinaishi saa 24 tu. Mtandao ukalala usiku, kesho yake kiungo kimekufa, nikaanza upya. Nilipoipata hatimaye, mashine pepe (hiyo kompyuta ya ndani) ikagoma kuwaka kwa sababu ya kitu ambacho ningekijua ndani ya dakika moja bila kutumia hata MB moja. Kwa hiyo kabla hujapakua chochote fungua terminali, uulize haya.

`lscpu | grep Virtualization`

Ikijibu VT-x au AMD-V, yaani uwezo wa prosesa wa kubeba mashine pepe, endelea. VirtualBox kuanzia toleo la 6.1 haifanyi kazi kabisa bila kimojawapo. Intel walianza kuweka VT-x mwaka 2005 na AMD wakafuata 2006, kwa hiyo laptopu nyingi za mtumba zinazo, ila imezimwa kwenye BIOS, ile mipangilio ya kompyuta kabla mfumo haujawaka. Hapo ndipo nilipokwama mimi. Ujumbe wake ni `VT-x is disabled in the BIOS for all CPU modes`. Zima mashine, iwashe huku unabonyeza F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad, utafute neno Virtualization, uliweke Enabled, uhifadhi. Kisha zima kabisa ndipo uwashe.

`free -h` na `df -h`

Hizi zinakuonyesha RAM na nafasi ya diski. Ukiwa na RAM GB 4, nakusihi usijaribu Windows 10. Mwenyeji na mgeni wote watateseka. Kwa GB 8, mgeni mpe GB 4 na mwenyeji abaki na nyingine. Diski mimi niliweka GB 50 za aina inayokua kidogo kidogo, haili zote siku ya kwanza.

`mokutil --sb-state`

Hii inauliza kama Secure Boot imewashwa, ule ulinzi unaokataa vitu visivyo na sahihi inayotambulika wakati wa kuwasha. Hili wengi hawaliulizi na ndilo linalowakatisha tamaa, nitalirudia chini. Ukishajua majibu yako, sakinisha:

`sudo apt update`
`sudo apt install virtualbox virtualbox-dkms build-essential linux-headers-$(uname -r)`
`sudo usermod -aG vboxusers $USER`

Hiyo ya mwisho inakuingiza kwenye kundi la wanaoruhusiwa kuzifikia USB. Haifanyi kazi mpaka utoke kwenye akaunti yako na kuingia tena.

Sasa Secure Boot. VirtualBox haitoshi kuwa programu ya kawaida, inahitaji moduli (vipande vya nyongeza) ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux: vboxdrv na wenzake. Moduli hizo hujengwa hapo hapo kwenye mashine yako na programu iitwayo dkms. Kwa kuwa zimejengwa kwako, hazina sahihi ambayo Secure Boot inaitambua, na kerneli inazikataa. Matokeo yake ni maandishi haya: `Kernel driver not installed (rc=-1908)`.

Kama mokutil ilikujibu enabled, wakati wa kusakinisha utaombwa utunge nywila. Itunge, iandike kwenye karatasi. Mashine ikiwaka tena itakuja skrini ya bluu, Perform MOK management, ya kusajili ufunguo (MOK) wa sahihi za moduli zako. Hapo una sekunde chache tu: bonyeza kitufe chochote, chagua Enroll MOK, Continue, Yes, andika ile nywila, reboot. Mimi mara ya kwanza nilikuwa namhudumia mteja wa kopi, skrini ikapita yenyewe, nikarudi nikakuta kila kitu kimewaka kama kawaida na VirtualBox imegoma. Ikikupita, iite tena:

`sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`

Nywila iwe ya herufi ndogo na namba tu, maana skrini ile inatumia mpangilio wa kibodi ya Kimarekani na alama zinaweza kuhama.

Karibuni kwa maswali, na waliotangulia mnirekebishe.

---

Dada wa Isevya

Asante kaka. Mimi ni mwanafunzi. Kwa nini usingetumia Wine, au usingeweka mifumo yote miwili, unachagua wakati wa kuwasha?

Steshenari Ng'ambo

Dada, Wine nilijaribu kwanza. Haileti Windows, inatafsiri tu kile programu inachokiomba ili Linux ikielewe. Kwa programu ndogo ni nzuri na haili RAM. Publisher yangu ilifunguka, ikawa inaanguka kila nikigusa picha. Kuweka mifumo miwili kungekuwa na maana kama ningekaa Windows siku nzima. Mteja wa kadi akija yuko mwingine anasubiri kuprinti cheti, siwezi kuzima na kuwasha mara kumi kwa siku.

---

Fundi Nzega

Mkuu uzi safi, ila nakurekebisha mahali pamoja. Hiyo `linux-headers-$(uname -r)` inaleta hederi (mafaili ya kujengea moduli) za kerneli unayotumia leo tu. Siku Mint ikisasisha kerneli, hederi mpya hazitakuja, dkms itakosa cha kujengea, na VirtualBox itagoma. Mtu aongeze kifurushi kinachofuatana na kerneli:

`sudo apt install linux-headers-generic`

Kama kerneli yako ni ile ya mstari wa HWE, yaani kerneli mpya zaidi kwa toleo lile lile, iwe `linux-headers-generic-hwe-24.04` kwa walio kwenye msingi wa Ubuntu 24.04. Angalia `uname -r` kwanza ujue uko wapi.

Steshenari Ng'ambo

Fundi, hapo umenigusa penyewe, ngoja niwaeleze wenzetu yaliyonikuta.

Ilikuwa Ijumaa. Mama mmoja ameagiza kadi 150 za mchango, anazitaka Jumamosi asubuhi azipeleke Sikonge kwa basi la kwanza. Mchana nilikuwa nimebonyeza masasisho bila kufikiri, jioni nikazima mashine ili ipumzike. Saa mbili usiku nawasha, nafungua VirtualBox, rc=-1908. Nikadhani nimeharibu kila kitu. Nilikaa na jasho mpaka saa nne, naandika ujumbe ule ule kwenye simu kutafuta majibu, na majibu mengi yanasema futa usakinishe upya.

Kilichoniokoa ni menyu ya GRUB, ya kuchagua kerneli wakati wa kuwasha. Nilishika Shift wakati wa kuwasha (kwenye mashine za UEFI, mrithi wa BIOS, ni kubonyeza Esc), nikaingia Advanced options, nikachagua kerneli ya zamani. Ikafunguka kama hakuna kilichotokea. Kadi zikatoka saa saba usiku. Jumapili ndipo nikatulia, nikaandika `dkms status` nikaona kerneli ya zamani imeandikwa installed na mpya haipo kabisa. Nikaweka hederi kama Fundi anavyosema, kisha:

`sudo dpkg-reconfigure virtualbox-dkms`
`sudo modprobe vboxdrv`

Tangu hapo haijarudia. Waliochukua kifurushi cha tovuti ya Oracle badala ya kile cha Ubuntu, amri yao ni `sudo /sbin/vboxconfig`. Na jamani, msisasishe kerneli siku yenye kazi ya watu.

---

Mrina Asali Sikonge

Mleta uzi, habari ya virusi vya fleshi? Steshenari ndiko vinakozaliwa. Ukiweka Windows ambayo haipewi tena masasisho si umerudi kule kule? Na printa unaifanyaje?

Steshenari Ng'ambo

Mkuu, swali lako ndilo lililonifanya niupende mpangilio huu kuliko nilivyokuwa na Windows peke yake.

Mgeni wangu hana mlango wa nje. Kwenye Settings, sehemu ya Network, nimeweka Not attached. Hana intaneti, hivyo hakuna anayemfikia kutoka nje, na bando langu haliliwi na masasisho ya chini kwa chini. Nilimpa mtandao mara moja tu, wa aina ya NAT (anapitia kwa mwenyeji), siku ya kuweka leseni.

Fleshi ya mteja haimfikii kamwe. Naichomeka, inafunguka kwa mwenyeji, yaani Linux. Vile virusi vinavyogeuza folda za watu kuwa shotikati vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Kwenye Linux naviona vimelala tu kama mafaili ya .lnk na .exe, na folda halisi zilizofichwa naziona pia. Nachukua faili moja ninalolitaka, naliweka kwenye folda ya kushirikiana, na ndani ya Windows linaonekana kwenye VBOXSVR. Folda hiyo inahitaji Guest Additions, nyongeza za ndani ya mgeni, unaziweka kutoka menyu ya Devices mgeni akiwa amewaka. Zinafanya pia skrini ijae vizuri.

Juu ya yote nina snapshoti, yaani hali ya mgeni iliyohifadhiwa ya kurudia. Siku Windows na Publisher zilipokaa sawa, kabla ya kazi yoyote, nilichukua snapshoti moja nikaiita Safi. Mgeni akianza kusumbua namrudisha pale ndani ya dakika moja. Kadi zenyewe hazipotei kwa sababu zinakaa kwenye folda ya mwenyeji. Hili liangalie sana: ukihifadhi kazi ndani ya diski ya mgeni halafu ukarudi kwenye snapshoti, kazi yote iliyofanyika baada ya snapshoti inaondoka.

Printa unaweza kumpa mgeni kupitia menyu ya USB, na ndiyo maana ya lile kundi la vboxusers. Ila ukimpa yeye, mwenyeji anaikosa. Mimi ndani ya Publisher nahifadhi kama PDF kwenye folda ya kushirikiana, kisha naprinti kutoka Linux. Rangi zinatoka sawa na foleni inabaki moja.

---

Mchangiaji mpya Urambo

Leseni je? Kuna mtu ana crack?

Steshenari Ng'ambo

Ndugu, kwenye uzi huu hapana. Mafaili ya crack, ya kuvunjia leseni, ndiyo njia nyepesi ya kuingiza kirusi mahali ambapo umejitahidi kufunga milango yote. Mimi nilikuwa na leseni ya Windows ya dukani, ile inayohamishika. Ile iliyokuja na laptopu imefungamana na laptopu yenyewe, isichanganywe na hii. Kama unachohitaji ni kujifunza tu, weka Linux nyingine kama mgeni, haikugharimu leseni yoyote.

---

Mwalimu wa Kasulu

Habari za huko Tabora. Nafundisha kompyuta sekondari hapa Kasulu. Nataka vijana wa kidato cha tatu wajifunze kusakinisha mfumo wa uendeshaji kwa mikono yao bila kuharibu mashine za shule. Tunatumia Debian 12, aina nyingine ya Linux. Nikiandika apt install virtualbox inasema kifurushi hakipo. Nimekosea wapi?

Fundi Nzega

Shikamoo mwalimu. Hujakosea. Debian waliitoa VirtualBox kwenye toleo lao thabiti tangu Debian 9, kwa sababu ya namna Oracle wanavyotoa taarifa za usalama. Unaweza kuongeza hazina ya Oracle, lakini kwa maabara ya shule nakushauri KVM, njia nyingine ya kuendesha mashine pepe. Hiyo imo ndani ya kerneli yenyewe tangu 2.6.20, Februari 2007. Hakuna moduli ya kujenga, hakuna dkms, Secure Boot haina ugomvi nayo, na kerneli ikisasishwa haivunjiki. Hilo la mleta uzi la saa saba usiku huku halipo.

`sudo apt install virt-manager`
`sudo usermod -aG libvirt $USER`

Toka, ingia tena, fungua Virtual Machine Manager. Kwa wageni wa Linux inakwenda moja kwa moja. Kwa Windows, ukichagua diski ya aina ya virtio (iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine pepe), kisakinishi hakitaiona mpaka ukipe ISO ya madereva ya virtio-win. Kama bando ni dogo, iache iwe SATA, aina ya kawaida.

Steshenari Ng'ambo

Shikamoo anastahili mwalimu. Nakubaliana na Fundi. Kama ningekuwa naanza leo, na bila kuhitaji USB na folda za kushirikiana kwa urahisi ule, ningefikiria KVM kwanza. Mwalimu, ISO ipakue mara moja tu, uisambaze kwa fleshi, na kila mashine wahakiki kwa `sha256sum` kabla ya kuitumia. Hilo nalo ni somo zuri kwa vijana: herufi moja ikitofautiana, faili limeharibika njiani.

Mwalimu wa Kasulu

Marahaba fundi. Wiki ijayo tunaanza na mashine mbili, nitaleta mrejesho.

---

Mgebuka wa Ujiji

Wakuu, nipo Ujiji, Kigoma. Nimefuata hatua zote. BIOS nimewasha, hederi zipo, MOK nimeisajili, modprobe vboxdrv inapita kimya. Nikiwasha mashine pepe napata VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE. Siku ya tatu leo.

Fundi Nzega

Andika `uname -r` utuletee. Na `lsmod | grep kvm`.

Mgebuka wa Ujiji

Ni 6.14. Ya pili inaleta kvm_intel na kvm.

Fundi Nzega

Hapo hapo. VT-x haikaliwi na wawili. Zamani KVM ilikuwa inaishika pale tu unapowasha mashine yake. Kuanzia kerneli 6.12 inaishika mara tu moduli yake inapopakiwa, yaani tangu kompyuta inawaka, hata kama hujawahi kuitumia. VirtualBox ikija inakuta kiti kina mtu. Jaribu sasa hivi:

`sudo modprobe -r kvm_intel`

Wenye AMD ni kvm_amd. Kisha washa mashine pepe.

Mgebuka wa Ujiji

IMEWAKA! Nembo ya Windows naiona. Fundi, Mungu akubariki, nilikuwa nakaribia kuifomati mashine nzima.

Fundi Nzega

Amina. Ila ukiwasha upya kompyuta itarudi ile ile. Ya kudumu: fungua `/etc/default/grub`, kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ongeza ndani ya alama za nukuu `kvm.enable_virt_at_load=0`, hifadhi, kisha `sudo update-grub`. Mwalimu wa Kasulu, wewe usiweke hii wala usichanganye, kaa na KVM yako.

---

Dada wa Isevya

Swali la mwisho kaka. Umeme ukikatika mgeni akiwa amewaka?

Steshenari Ng'ambo

Laptopu yenye betri nzima inakupa muda. Usihangaike kuizima Windows taratibu, funga dirisha lake na uchague Save the machine state. RAM yake inaandikwa kwenye diski, na umeme ukirudi unaendelea na sentensi uliyoiachia katikati. Kama betri imekufa au ni kompyuta ya mezani bila UPS, hatari ni diski ya mgeni kuharibika, kama ambavyo ingeharibika Windows ya kawaida. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi nazima mgeni kabisa, naenda File, Export Appliance, napata faili moja la .ova, nalihamishia diski ya nje ninayoiacha nyumbani. Siku laptopu ikiibiwa, nalichukua faili hilo, naliingiza kwenye mashine nyingine yenye VirtualBox, na Publisher yangu inafunguka na mpangilio wake wote. Mafaili ya kadi yananakiliwa pembeni, maana yako nje ya mgeni.

Kwa RAM yako, dada, umesema una kiasi gani?

Dada wa Isevya

GB 4. Nina Ubuntu.

Steshenari Ng'ambo

Basi Windows iache kwanza. Sakinisha VirtualBox, chukua Debian bila mazingira ya picha, ipe GB 1. Itakufundisha yote tuliyozungumza hapa. Nafasi ya RAM ya pili ipo kwenye laptopu nyingi za mtumba. Ukipata kipande cha GB 4, njoo hapa dukani tukifungue kifuniko pamoja tuone kama inaingia.